Utumbo wa Mabala

Watu wengi wakipita nyuma ya machinjio ya Bariadi asubuhi hufunga pua kwa ncha ya kanga. Mimi husimama. Harufu ya utumbo unaooshwa kwa maji ya chumvi, harufu ile ya nyasi zilizokwisha kutafunwa, hunifanya nitabasamu peke yangu kama mtu aliyepigiwa simu na mchumba. Juzi mama mmoja aliyekuwa ameinamia beseni aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani tu. Akanitazama juu mpaka chini, akatazama utumbo wake, akaamua kwamba hayo si ya kwake.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka utoto kwa kucheza rede na kuiba miwa. Mimi naukumbuka kwa mpira wa mkojo, bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, na sufuria ya maji yaliyochemka yakaachwa yapoe. Msinihurumie. Haya ninayoyasimulia ni ushindi, na nitayasimulia kama mshindi yeyote anavyosimulia, yaani kwa kujisifu kidogo.

Nilizaliwa Migato nikiwa na uvimbe chini ya mgongo. Ulitolewa nikiwa mchanga, miguu ikapata nguvu, nikatembea kwa kuchechemea kidogo tu. Lakini mishipa inayokiamrisha kibofu haikupona. Kibofu changu kilibaki kidogo na kigumu kama ngumi iliyokataa kukunjuka, mkojo mwingine ukawa unavuja mchana kutwa na mwingine unarudi juu kuzitesa figo. Shule nilikwenda majuma matatu. Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita mama akamwambia anirudishe siku nitakapokuwa mkavu. Mama akasema, "Asante, mwalimu," akanishika mkono tukaondoka. Mama yangu alikuwa hivyo, hata anayemfukuza alimshukuru, na salamu zake zilikuwa za chini mno hata wazee walimwomba azirudie.

Nilipofika miaka minane tulipelekwa hospitali kubwa Mwanza. Daktari alimchorea mama kwenye karatasi. Hiki ni kibofu, mfuko mdogo. Huu ni utumbo. Tutachukua kipande cha utumbo, tukipasue kifunguke kama kiraka, tukishone juu ya mfuko ili uwe mpana na laini. Figo zitapumzika. Mtoto atatoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa chache, na katikati ya hapo atakuwa mkavu kama mimi na wewe.

Mama alitikisa kichwa kukubali. Mimi, niliyekuwa nimekaa pembeni nikitafuna ukucha, nilielewa zaidi yake, au ndivyo nilivyodhani. Katika miaka yangu yote minane nilikuwa nimeona utumbo wa aina moja tu, wa ng'ombe. Na juma lile lile la safari yetu, baba alikuwa amemswaga Mabala kwenda mnadani. Mabala alikuwa ng'ombe wetu jike mwenye madoa meusi na meupe, mpole kuliko shangazi zangu wote. Baba alirudi na kamba peke yake, akaitundika. Kwetu mtoto hamhoji baba yake kuhusu ng'ombe aliyetoka zizini, kwa hiyo sikuuliza. Lakini nilipoiona ile karatasi ya daktari mambo yote yakakaa sawa kichwani mwangu. Mabala alikuwa ametangulia Mwanza kunisubiri.

Niliamka kutoka upasuaji nikiwa na mshono mrefu, kiu isiyo na adabu, na imani kamili kwamba ndani yangu kuna kipande cha Mabala. Tumbo liliponguruma nilimwambia kwa sauti ndogo atulie, tutarudi nyumbani. Tuliporudi kweli sikuweza kuwatazama ng'ombe wengine machoni. Ndama wake alinisogelea kizizini akaninusa tumboni, nami nikakimbia nikilia. Watu wakasema mtoto amekuwa mwoga wa ng'ombe tangu apasuliwe.

Sasa nifike kwenye ute. Daktari alikuwa amemwonya mama mapema kwamba utumbo ni mkaidi. Hata ukiuhamishia kazi nyingine, unaendelea na kazi yake ya zamani ya kutoa ute, na ute huo usipooshwa kila siku unaziba mpira na kuleta balaa. Nesi mmoja mfupi akatufundisha namna ya kuosha kwa maji yaliyochemshwa na kijiko cha chumvi. Mama aliitikia kila neno. Lakini tulipofika Migato, mbele ya bomba lile na tumbo la mwanawe lenye mshono, aliogopa kuniumiza. Alisukuma maji kidogo yakaingia kidogo, akavuta kidogo, akaacha. Kilichotoka kilikuwa kama ute wa yai, nyuzi nyuzi nyeupe. Nesi alikuwa amemwambia huo ni ute. Mama aliona usaha.

Majirani wakaja kutoa pole, na pole kwetu haiji bila ushauri. Mmoja alisema kidonda kimeoza ndani. Mwingine, mwanamke aliyeheshimika kijiji kizima kwa sababu aliwahi kufagia zahanati, alinyanyua kifuniko cha chungu chetu akachungulia, akatikisa kichwa. "Mnamlisha mlenda," alisema. "Mlenda ukiingia ndani mnadhani utatokea wapi?"

Wote wakakubali, maana ute na mlenda vilifanana kabisa. Mlenda ukapigwa marufuku nyumbani kwetu siku hiyo hiyo. Kesho yake bamia ikafuata, halafu maziwa mgando. Mama akaongeza na la kwake, akapunguza maji yangu ya kunywa, akisema nikinywa kidogo nitachomekwa mpira mara chache. Tukawa familia ya ugali na dagaa wakavu. Baba alikula akitazama bakuli kama mtu aliyefiwa, lakini alivumilia kwa sababu ilikuwa kwa ajili yangu.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Ule ute ulikuwa machozi ya Mabala. Alikuwa ananililia humo ndani kwa sababu hakupata alichozoea, na ng'ombe alichozoea zaidi ya nyasi ni chumvi. Basi nikawa nakwenda zizini wakati ng'ombe wamekwenda malishoni, napiga magoti, nalamba lile jiwe la chumvi walilowekewa. Baba alinikuta siku moja ulimi nje. Akageuka akaondoka, na mpaka leo sijui alimwambia nani.

Chumvi ile na kiu ile na uoshaji ule wa nusu nusu havikuchukua muda. Mchana mmoja mama alichomeka mpira na mkojo haukutoka hata tone. Tumbo likawa gumu kama ngoma, homa ikapanda, nikaanza kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Baba akanipakia kwenye pikipiki katikati yake na mama, tukakimbilia Bariadi. Tabibu wa zamu aliingiza maji ya chumvi kwa bomba, akavuta, akaingiza, akavuta, mpaka likatoka donge la ute refu kama kidole changu, na nyuma yake mkojo ukaja kama bomba la mtaani lililofunguliwa baada ya mgao. Nilipata nafuu nikiwa bado namwangalia usoni.

Yeye hakufurahi. Alimgeukia mama akamwambia bila kuzunguka. "Ute ukikaa unaganda. Ukiganda unaanzisha mawe ndani ya kibofu. Mwezi ujao mnakwenda Mwanza apigwe picha. Wakikuta mawe, wanamfungua tena." Akapiga simu huko Mwanza, wakaniwekea kitanda cha upasuaji kabisa, endapo mawe yangekutwa. Mama akapewa karatasi yenye jina langu. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema asante.

Nilijua kufunguliwa tena maana yake nini. Ni kuamka ukiwa umeshonwa katikati, ukiomba maji na kupewa pamba yenye unyevu. Ni kukaa nyumbani mwaka mwingine, ukisikia wenzako wakipita na madaftari. Nililia njia nzima ya kurudi, mgongoni mwa baba, shati lake likalowa.

Shangazi Minza alipata habari akaja siku ya tatu. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwenye banda la supu ya utumbo karibu na stesheni ya Malampaka, mwanamke wa mikono minene na sauti ya kuita abiria. Alianza kusalimia akiwa bado barabarani.

"Mwadila, wifi! Mtoto yuko wapi? Na mbona nyumba inanuka dagaa tu, mlenda umehamia wapi?"

Mama akamweleza kwa ile sauti yake ya chini. Ute, mlenda, bamia, jirani. Shangazi akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Wifi," alisema, "mimi naosha matumbo ya ng'ombe kila siku ya Mungu. Hao ng'ombe walikula mlenda?"

Mama akatazama chungu.

"Nakuuliza, wifi. Walikula mlenda?"

"Walikula nyasi."

"Na ute unanifika viwiko. Basi?"

Nje, baba aliyekuwa akitengeneza jembe la ng'ombe alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha furaha, nakifahamu. Siku hiyo jioni mlenda ulirudi nyumbani kwetu, na yule jirani hakuja kuchungulia chungu tena kwa muda mrefu.

Kesho yake shangazi alikwenda gulioni akarudi na utumbo kwenye ndoo. Akamketisha mama mbele ya beseni kama mwanafunzi. Akamwaga maji juu ya utumbo, yakapita. "Hivi ndivyo unavyomwosha mtoto," alisema. "Maji yanasalimia tu na kuondoka. Ute unabaki umeshikilia." Halafu akatia maji ndani, akashika ncha mbili, akaulaza huku, akaulaza kule, akautikisa taratibu, akamwaga. Maji yakatoka mazito. Akarudia. Akarudia tena mpaka yakatoka kama yalivyoingia. Sisi sote tukaona umesafika. Yeye akaufunika, akasema tule kwanza. Tulipomaliza kula akafunua, akaushika mkono wa mama akauweka juu yake. Ulikuwa unateleza upya.

"Unaona? Na huu umekufa. Wa mtoto uko hai. Hauumwi, wifi, si usaha. Ni utumbo, ndiyo kazi yake. Huwezi kuukataza. Unaweza kuuwahi tu."

Mama aliutazama ule utumbo kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Mwanza aone kitu kile bila kuogopa. Mimi niliyesimama nyuma yao nilikuwa nimeridhika kabisa. Ilikuwa haki Mabala aoshwe na mtu anayejua ng'ombe.

Ilipofika zamu yangu, shangazi aliingiza mkono kwenye kopo akatoa chumvi konzi nzima, kama afanyavyo bandani kwake. Mkono wa mama ukamdaka hewani.

"Hapana, wifi. Huyu si supu. Chumvi ni ya kijiko cha nesi, maji ni yaliyochemka, na mikono tunanawa kwa sabuni kwanza."

Sikuwahi kumsikia mama akimkatalia mtu mzima. Hata shangazi alishangaa. Akairudisha chumvi kwenye kopo punje kwa punje, akanawa mpaka kwenye kiwiko. "Haya," alisema. "Vipimo vyako, mkono wangu."

Hivyo ndivyo walivyonigawana. Mama alisimamia kijiko, sufuria na saa. Shangazi alisimamia uvumilivu. Nililala kwenye mkeka, mpira ukaingia, mkojo ukatoka mpaka tone la mwisho, kisha maji ya vuguvugu yakaingia taratibu. Lala ubavu huu. Geuka ubavu ule. Piga magoti, inua makalio. Nilicheka kwa mkao ule, na shangazi akasema nicheke zaidi, kucheka nako kunatikisa. Halafu akavuta bomba polepole, bila ubishi. Ukivuta kwa hasira, alimwambia mama, utamnyonya mtoto nyama yake. Bomba la kwanza lilitoka na mawingu. La pili nyuzi. La tatu vipande. La sita au la saba, mama akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akaona maua ya kanga yake upande wa pili, yote, na rangi zake. Akalishusha akaanza kulia. Shangazi akamwambia aache kulia, apike.

Na maji ya kunywa yakarudi. Shangazi aliniwekea jagi asubuhi na jingine mchana, na alikuwa na tabia ya kulinyanyua bila taarifa kupima uzito wake. Jiwe la chumvi likahamishwa mahali nisipofikia, jambo lililonifundisha kwamba baba alikuwa amesema.

Juma la pili nyuzi zilipungua. Juma la tatu nilichukua bomba mwenyewe. Nilikuwa najua kwa ndani maji yamefika wapi, na vidole vyangu vidogo vilihisi ute unapoanza kugoma kabla hata ya jicho kuuona. Shangazi alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Unaosha mara ngapi?"

"Mpaka yatoke safi."

"Ukichoka?"

"Mpaka yatoke safi!"

"Wabeja, ng'wana wane," alisema, asante mwanangu, na kesho yake akafunga mzigo kurudi Malampaka, kwa madai kwamba abiria wa treni wanakufa kwa kukosa supu. Mama na mimi tukaendelea wenyewe. Mpaka leo naosha, ingawa ute umepungua na miaka na siku hizi ni kazi ya dakika chache kabla ya chai.

Siku ya Mwanza ikafika. Mama alivaa kanga ile ile, na kwenye pindo lake niliona kifundo chenye karatasi ya kitanda. Hakula njiani. Kila basi liliposimama aliuliza kama nina kiu, nami nikanywa kumridhisha.

Nililala kwenye kitanda cha kipimo cha picha, daktari akanipaka tumboni kitu cha baridi chenye kuteleza. Nikamwambia mama kwa Kisukuma kwamba hata hawa wana ute wao. Hakucheka. Alikuwa amekodolea macho kile kioo chenye vivuli ambavyo hakuna kati yetu aliyevielewa. Daktari alisogeza kile kidude huku, akakisogeza kule, akakirudisha kilikotoka. Nilianza kumwomba Mabala msamaha kimoyomoyo, nikimwahidi kwamba wakifungua nitawaambia wamshike taratibu.

"Hakuna mawe," alisema daktari.

Mama aliendelea kukikodolea macho kioo.

"Hakuna jiwe hata moja. Wala madonge. Figo zimepungua uvimbe." Akageuka kwenye kiti. "Mama, nani anamwosha huyu mtoto?"

"Anajiosha mwenyewe," alisema mama.

Daktari akanitazama, na mimi nikaona ni wakati wa kusema kweli yote. Nikamwambia kwamba tangu tuanze kuosha vizuri, Mabala ameacha kulia, na kwamba ningependa akipata nafasi amwambie baba, maana baba bado anamkumbuka. Daktari akauliza Mabala ni nani. Nikamweleza. Ng'ombe wetu mwenye madoa, ambaye utumbo wake mlinishonea.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Daktari hakucheka mara moja, na kwa hilo nampenda mpaka kesho. Alivuta kiti karibu, akaweka kidole kwenye mshono wangu. "Hatukutumia ng'ombe," alisema. "Tulifungua hapa, tukakata kipande chako mwenyewe, tukakishona hapa hapa. Ni wako. Ulikuwa wako siku zote."

Nakiri nilihuzunika. Nilikuwa nimeishi naye miezi mingi. Lakini nikiwa bado nimelala pale na tumbo linateleza, huzuni ikaanza kugeuka kitu kingine. Ule utumbo mkaidi ulioishinda homa, niliouosha kwa mikono yangu mpaka ukanyooka, haukuwa wa mtu mwingine. Nikajiona mkubwa kuliko kitanda.

Mama alifungua kifundo cha kanga, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Daktari akaikunjua, akachukua kalamu, akaipiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

"Kitanda apewe mwingine," alisema. "Huyu aende shule."

Nilisubiri mama aseme asante. Hakusema. Alisimama, akakaza kanga kiunoni, akatoka nje ya chumba, mimi nikimfuata nikivuta gauni langu. Kwenye korido kulikuwa na benchi refu la kina mama, kila mmoja na mtoto wake na mpira wake na karatasi yake. Mama akasimama mbele yao, akainua kichwa, akapiga vigelegele. Vilikuwa vigelegele vya arusini, vya mavuno, virefu, vikagonga kuta zile nyeupe na kurudi.

Nesi alitoka mbio kwenye mlango wa pili. "Mama! Mama, hapa ni hospitali!"

"Najua, mayu," alisema mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. "Ndiyo maana."

Akavuta pumzi akapiga tena, na safari hii benchi zima likamwitikia.